Ukuta Usio na Nane

Kijiwe chetu kiko Pasiansi, pale lami inapoishia na vumbi linapoanzia, mbele ya kibanda changu cha kushonea viatu. Benchi ni moja tu, la ubao wa mtumbwi uliostaafu, na lina wenyewe. Yuko Ngosha, tunamwita Injinia kwa sababu alilinda geti kule Kigongo wakati daraja linajengwa, na tangu arudi hakuna hesabu asiyoijua. Yuko Antoni, tunamwita Redio. Sababu utaiona mwenyewe. Yuko Malimi muuza kahawa, mtu anayeweza kumaliza birika zima bila kutoa maneno kumi. Mimi wananiita Gundi. Na yuko Bilali mchoraji wa mabango, jina lake la kijiweni Brashi, ambaye Jumamosi ile asubuhi alikaa mwisho wa benchi, kopo la rangi nyeupe katikati ya miguu, anautazama ukuta wa ng'ambo ya barabara kama mtu anayeangalia nyumba yake inaungua.

Ukuta wenyewe ni wa shule mpya ya awali ya Madam Rebeka. Siku iliyotangulia Bilali alikuwa ameuchora namba, moja mpaka tisa, kila namba ndefu kuliko mtu mzima na kila namba na rangi yake. Zilipendeza, lazima niseme. Moja nyekundu imesimama kama askari, mbili ya kijani imepinda shingo kama korongo wa ziwani. Shida ilikuwa mwishoni. Ukisoma kutoka kushoto unapata moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, tisa.

Ndiyo. Saba, tisa.

Jioni ile ile mtu akapiga picha, akaitupa kwenye magrupu na maneno "Shule ambayo nane haijafika". Kulipokucha kila simu ya Pasiansi ilikuwa nayo. Dada mmoja aliyekuwa ameagiza bango la saluni akapiga simu kusema basi, aache tu. Na saa moja asubuhi Madam Rebeka akamwita Bilali akamwambia kwa kifupi: wazazi wanakuja kuandikisha watoto saa nne, kabla ya hapo ukuta wote uwe mweupe, na kuta za ndani atakuja kuchora fundi mwingine kutoka Nyakato.

— Kwani huwezi kuichomeka tu? — nikamuuliza. — Kanane kembamba.

— Pa kuichomeka wapi, Gundi? — Bilali akasema. — Saba na tisa zimegusana mabega. Baada ya tisa ni geti. Nilikuwa nachora kwa jicho, na tisa ilipoishia pale kwenye geti ikakaa sawasawa, nikajua nimemaliza. Nikajipongeza kabisa.

— Lakini nane, kaka! — Antoni akadakia. — Ungesahau mkia wa saba tungeelewa. Namba nzima?

Malimi akammiminia kahawa bila kuombwa. Bilali akakishika kikombe, hakunywa.

— Mimi brashi naiweka chini — akasema. — Nina kaka yangu Sengerema, ana shamba la mihogo. Nitaenda kulima. Muhogo hauna namba.

Mtu ameandika mabango ya mtaa mzima miaka na miaka, duka la dawa, kinyozi, kanisa, msikiti, mpaka kibanda changu hiki, halafu siku moja inamfuta. Ngosha ndiye aliyeanza kusema, maana ukimya humuwasha.

— Subirini — akasema, amekaza macho ng'ambo. — Nyie mnasoma vibaya. Ile siyo namba nane zilizopangwa. Ile ni namba moja, kubwa. Isomeni kwa pamoja.

— Soma wewe, Injinia.

Ngosha akasimama, akaelekeza kidole angani kama anasoma risala.

— Milioni kumi na mbili, laki tatu, arobaini na tano elfu, mia sita sabini na tisa.

— Eeeh! — Antoni akapiga goti. — Kumbe Brashi katuandikia milioni kumi na mbili!

— Na namba kubwa kama hiyo — Ngosha akaendelea — haitokei hivi hivi tu. Kule Kigongo nilijifunza. Kila namba kubwa ina tabia yake. Gundi, nipe karatasi.

Nikampa kifuniko cha boksi la viatu na kalamu. Akaanza kuigawanya. Kwa mbili, haikubali. Kwa tatu, inabaki moja. Kwa tano, haikubali. Kwa saba, inabaki tatu.

— Jeuri hii — akasema, jasho linamtoka. — Haigawanyiki.

— Wewe unaigawa, mimi naijumlisha — Antoni akasema. — Moja na mbili tatu, na tatu sita, na nne kumi... — akahesabu kwa vidole vya mikono, akahamia miguuni — thelathini na saba! Jamani! Thelathini na saba! Babu yangu alizaliwa mwaka wa thelathini na saba!

— Babu yako anaingiaje hapa?

— Kila namba inatafuta mtu wake. Hii imemtafuta babu.

— Babu yako ni marehemu.

— Ndiyo maana imechukua muda kufika.

Nikamwona Bilali anataka kucheka, akajizuia. Ngosha hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameshika lile neno thelathini na saba, akaanza kuigawanya namba ya ukutani kwa hilo, anahema, anafuta, anaandika tena. Mara akatulia.

— Imeingia — akasema polepole. — Imeingia yote. Haikubaki kitu. Laki tatu, thelathini na tatu elfu, mia sita sitini na saba. Nimerudia mara mbili.

— Si nimewaambia? — Antoni akasimama. — Namba inagawanyika kwa jumla ya tarakimu zake yenyewe! Babu!

— Mwache babu. Ngoja nijaribu kumi na tatu.

— Kumi na tatu ya nini?

— Nimeota tu.

Akagawanya kwa kumi na tatu. Kufika mwisho akatoa sauti kama ya mtu aliyekanyaga msumari.

— Imebaki nane! Wallahi imebaki nane! Nimeikamata!

Sasa Ngosha ni Msukuma wa Kwimba, Mkatoliki, ile wallahi aliiokota wapi sijui. Tukainama wote kwenye kifuniko. Kweli, chini kabisa, baki: nane.

— Basi haijapotea — Antoni akasema kwa sauti ya chini, kama anatoa siri ya serikali. — Imejificha ndani. Ukigawa kwa kumi na tatu, inatoka. Brashi, wewe umeficha nane kwa makusudi. Nani kakutuma?

— Hakuna aliyenituma, Redio! — Bilali akapandisha sauti. — Nimesahau! Mnataka kujua nimesahauje? Nitawaambia.

Akaweka kikombe chini.

— Nilikuwa juu ya ngazi, nimemaliza saba. Simu ikaita. Safia, mwanangu, alikuwa wodini tangu alfajiri. Siyo yeye aliyepiga, alikuwa nesi. Akaniambia, mzee, mama mzima, mtoto mzima, wa kike. Nikashuka kwenye ngazi sijui nimeshukaje. Nilikaa hapo chini nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Halafu nikapanda tena ngazi, nikachora tisa. Mnaona jinsi ilivyonyooka ile tisa? Sijawahi kuchora namba nzuri kama ile maishani. Mkono ulikuwa unatembea wenyewe.

Tukaitazama ile tisa. Ilikuwa ya samawati, na kweli ilikuwa nzuri kuliko zote.

— Hongera, babu — nikamwambia.

— Hongera, babu — Ngosha akasema. — Sasa mbona hukutuambia tangu jana?

— Ningewaambia saa ngapi? Nilitoka hospitali nakuta simu imejaa picha ya ukuta.

Hapo ndipo Malimi alipofungua mdomo. Nimekaa naye miaka sita na sijawahi kumsikia akianza mazungumzo.

— Brashi — akasema, anafuta kikombe. — Hiyo namba mimi naijua.

Akakiweka kile kikombe, akachukua kingine.

— Zamani nilikuwa nabeba mizigo kwenye duka la Iqbal, kule mjini. Mzee alikuwa na mashine ya hesabu, ile kubwa ya mezani. Mchana duka likipoa alikuwa anatuchezea. Anasema, Malimi, namba gani unaipenda, kati ya moja na tisa? Injinia, wewe unapenda ipi?

— Tano — Ngosha akasema.

— Zidisha kwa tisa.

— Arobaini na tano.

— Sasa chukua simu. Andika namba ya ukutani kama ilivyo, usiongeze kitu. Zidisha kwa hiyo arobaini na tano.

Ngosha akabonyeza. Akatazama simu. Akaipangusa kioo kwa shati, akatazama tena. Kisha akatugeuzia.

555,555,555.

— Acha fiksi — Antoni akasema. — Simu yako mbovu. Lete yangu. Mimi nachagua... nachagua nane! Hiyo hiyo isiyokuwepo. Tuone itaitoa wapi.

— Nane mara tisa — Malimi akasema kwa utulivu — sabini na mbili.

Antoni akabonyeza kwa kidole kimoja, ulimi nje. Akatoa ukelele mpaka mama wa maandazi wa kona ile akageuka.

— Nane tisa! Jamani, nane tisa zimepangana! Haina hata nane moja, imetoa nane tisa!

Bilali akasimama. Tangu asubuhi ilikuwa mara ya kwanza anasimama.

— Simu siziamini — akasema. — Gundi, kalamu.

Akageuza kifuniko upande wa pili, akaandika namba yake kwa ule mwandiko wake wa bango, chini akaandika tisa peke yake, akaanza kuzidisha kwa mkono kama tulivyofundishwa darasa la nne.

— Tisa mara tisa themanini na moja. Naandika moja, nane mkononi. Saba mara tisa sitini na tatu, na nane, sabini na moja. Naandika moja, saba mkononi. Sita mara tisa hamsini na nne, na saba, sitini na moja. Moja, sita mkononi...

Kila alipoandika ilikuwa moja. Moja, moja, moja. Alipomaliza zilikuwa moja tisa, zimesimama mstari mmoja kama watoto paredi. Akaziangalia, akatuangalia.

— Nyie — akasema. — Hii namba ni nzuri.

— Bilali.

Tukageuka wote. Madam Rebeka alikuwa amesimama nyuma yetu, funguo mkononi, amevaa gauni la siku kubwa. Ilikuwa saa tatu na nusu. Ukutani hakukuwa na hata tone la rangi nyeupe.

— Shikamoo madam — Antoni akasema, ingawa amemzidi miaka kumi. Woga.

— Bilali, tulisemaje?

Tukajibu sisi, wote kwa pamoja, babu, kumi na tatu, Iqbal, nane tisa. Madam alisimama mpaka tukaishiwa pumzi. Kisha akanyoosha mkono akataka kifuniko. Akasoma hesabu ya Bilali kutoka juu mpaka chini, midomo inacheza. Kumbe alianza maisha akifundisha hisabati sekondari.

— Umebeba nane hapa — akamwonyesha. — Mwanzoni kabisa. Halafu saba, halafu sita, halafu tano.

— Ndiyo, madam.

— Sasa ngoja. Tuseme ungeiandika nane ukutani. Ungefika kwenye nane, nane mara tisa sabini na mbili, jumlisha ile nane uliyobeba...

— Themanini — Ngosha akasema.

— Unaandika sifuri. Mstari wako unaharibika. — Akatazama ng'ambo ya barabara, akatazama muda mrefu. — Ili moja zote zisimame, nane haitakiwi. Nilisoma miaka mitatu chuoni, na hii hakuna aliyenionyesha.

— Kwa hiyo madam... — Bilali akaanza.

— Kwa hiyo sijui — Madam Rebeka akasema. — Wazazi hao wanakuja.

Walikuwa wanakuja kweli, wawili wawili, na watoto wao wamepakwa mafuta wanang'aa. Wa kwanza alikuwa baba mmoja aliyevaa buti za plastiki za kiwandani. Alifika anacheka, simu mkononi, picha ya ukuta iko wazi.

— Madam, hii ndiyo shule ya...

— Chagua namba unayoipenda, baba — Malimi akamwambia.

— Mimi?

— Moja mpaka tisa.

Jamaa akachagua tatu. Ishirini na saba. Akabonyeza. Kicheko kikakatika, akaita mke wake. Mke akachagua saba, sitini na tatu, saba zikajaa kioo kizima. Akaja mwingine, na mwingine. Ndani ya nusu saa kulikuwa na wazazi kama ishirini wamesimama katikati ya barabara, wanazidisha, wanaonyeshana, wengine wanapiga picha ukuta upya na kurusha kwenye magrupu yale yale. Antoni alikuwa anazunguka anawaelezea habari za babu yake. Ngosha alishapata wanafunzi watatu wa kugawa kwa kumi na tatu. Bodaboda walisimama. Malimi aliuza birika la kwanza akaweka la pili jikoni.

Na Bilali, watu walikuwa wanampa mkono. Fundi, wewe ndiye uliyefanya hivi? Ulijuaje? Na yeye, namshukuru kwa hilo, aliwajibu wote kwa ukweli.

— Sikujua. Nilisahau. Nilikuwa nimepata mjukuu.

Wakawa wanampa mkono mara ya pili.

Madam Rebeka alimvuta pembeni, karibu na kibanda changu, kwa hiyo nilisikia.

— Kopo lako hilo la nyeupe lirudishe dukani — alimwambia. — Ukuta unabaki. Na kesho kutwa njoo tupime vyumba vya ndani. Yule wa Nyakato nitampigia mwenyewe.

Bilali akaitikia kwa kichwa, mara nyingi.

Ikafika saa tano. Tulikuwa tumeshinda, na wanaume wa kijiwe wakishinda huwa hawakamatiki. Ngosha alikuwa anaeleza kwamba hata lile daraja lisingesimama bila namba hii, ndipo akafika mama mmoja mtu mzima, kanga begani, ameongozana na mjukuu wa kiume wa miaka minne hivi. Jina lake Mwanaharusi, ana duka la vitenge kule juu. Tukamwamkia.

— Shikamoo mama.

— Marahaba wanangu. Mbona mmefunga barabara?

Tukamweleza. Tukamwonyesha simu, kifuniko, moja tisa, nane tisa. Antoni alimchagulia namba kabisa asihangaike. Mama alisikiliza kila kitu kwa heshima, anatikisa kichwa, anasema "alaa", anasema "kumbe". Kisha akautazama ukuta, taratibu, kutoka kushoto mpaka kulia, kama tulivyopaswa kuutazama sisi tangu mwanzo.

— Ni nzuri sana — akasema. — Sasa mjukuu wangu anakuja hapa Jumatatu, hajui kuhesabu. Mwalimu atamsimamisha hapo mbele ya ukuta. Moja, mbili, tatu. Akifika saba, aseme nini?

Ngosha alikigeuza kifuniko, upande huu na upande ule. Antoni, nasema ukweli mbele ya Mungu, Antoni alitazama viatu vyake. Baba wa buti za plastiki akaizima simu akaitia mfukoni. Madam Rebeka akamwangalia yule mtoto. Malimi alinyanyua birika kumpa mama kahawa, likatoa matone mawili na mashapo.



Ni Bilali aliyesogea. Alivuka barabara, akafungua boksi lake la rangi, akachagua brashi ndogo, ile ya kuandikia namba za milango. Kisha akamgeukia mama.

— Mama, naomba mjukuu wako asimame hapa ukutani.

Mtoto akasimama, mgongo ukutani, kidevu juu. Bilali akapiga magoti kwenye vumbi, akaweka alama ya penseli usawa wa macho ya mtoto, chini kabisa ya zile namba kubwa, akavuta mstari mrefu mpaka kwenye geti. Safari hii alipima. Alipima kwa kiganja, akahesabu nafasi tisa kwa sauti, akarudi mwanzo akahesabu tena.

— Haya baba — akamwambia mtoto, ameshachovya brashi. — Sema na mimi. Moja.

— Moja — mtoto akasema.

— Moja — wazazi wakaitikia, na sisi wa kijiweni tukasogea karibu.